Mlio wa Mbele Si Hukumu ya Shokapu

"Gari linagonga mguu wa kushoto." Kauli hiyo, au nyingine inayofanana nayo, hufungua kazi nyingi kwenye gereji za Mikumi na Kilosa, na mara nyingi huifunga papo hapo. Mwenye gari ametaja mlio, fundi ametaja shokapu, kijana ametumwa dukani, na kabla jua halijazama gari limerudi barabarani na shokapu mpya na mlio ule ule. Kosa hapo halikufanyika wakati wa kufungua nati. Lilifanyika mapema zaidi, pale mlio ulipogeuzwa kuwa hukumu wakati ulikuwa ushahidi tu, tena ushahidi wa shahidi mmoja. Kipande ambacho kingepaswa kuangaliwa kabla ya pesa kutoka mfukoni ni mauntingi ya shokapu, kikombe cha raba na chuma kilichojificha juu ya springi. Bei yake ni ndogo na sura yake haisemi kitu, kwa hiyo hukaguliwa mwisho au hakikaguliwi kabisa. Kwa barabara za Wilaya ya Kilosa na kwa umri wa magari tunayoendesha, utaratibu huo umepinduka. Mauntingi inastahili kukaguliwa mwanzoni, na ikibidi kubadilishwa, ibadilishwe kwa hatua ambazo ukizifupisha utazilipia tena.

Tuanze na kazi ya kipande chenyewe. Magari madogo ya Kijapani yaliyojaa barabarani kwetu, IST, Vitz, Passo, Premio na hata Noah, yana miguu ya mbele ya aina iliyobuniwa na mhandisi Mmarekani Earle MacPherson katika miaka ya 1940 na kuenea duniani kupitia magari ya Ford kuanzia miaka ya 1950. Ubunifu wake ulikuwa wa kubana matumizi. Badala ya gurudumu kushikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, shokapu yenyewe ilivalishwa springi ikawa nguzo, na mkono wa juu ukaondolewa. Chini, nguzo hiyo imefungwa kwenye chuma kinachobeba gurudumu; juu, imeegemea kwenye bodi kupitia mauntingi. Maana yake ni kwamba zaidi ya robo ya uzito wa gari inaweza kukaa juu ya raba yenye upana wa kiganja cha mkono. Raba hiyo inabeba uzito, inameza mtikisiko usifike kwenye bodi, na kwa msaada wa beringi iliyo pamoja nayo inaruhusu nguzo nzima izunguke kila usukani unapokatwa. Shokapu ikichoka, gari linadunda na kuchelewa kutulia. Mauntingi ikichoka, kilele cha nguzo kinaanza kucheza, na kikicheza, pembe ya gurudumu haitulii tena mahali pake. Si kila gari lina kifaa hiki: Land Cruiser za kupeleka watalii hifadhini zina ekseli nzima mbele, na Hiace nyingi zina mikono miwili na fimbo ya chuma inayojikunja badala ya springi ya mzunguko. Hizo zina bushi zao za kukagua. Mjadala huu unawahusu zaidi wenye magari madogo, ambao ndio wengi na ndio wenye akiba ndogo ya kukosea.

Swali la kwanza la mwenye gari huwa ni kilomita: gari limetembea kiasi gani hata mauntingi ife? Swali hilo linafaa kwa tairi na kwa oili, lakini kwa raba linapotosha. Raba ya gari imepikwa kwa salfa ikashikamana na chuma, na tangu siku ile inazeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Hewa inaikausha, joto la injini linaigumisha, oili inayovuja inailainisha na kuivimbisha, na ozoni inaipasua nyufa ndogondogo pale inapovutwa. Toyota IST ya kizazi cha kwanza ilitengenezwa kati ya 2002 na 2007, kwa hiyo hata ile ya mwisho kutoka kiwandani, kama bado ina raba zake za asili, imezibeba kwa zaidi ya miaka 15. Mita ya gari iliyotoka Japani inaweza kusoma kilomita chache na kusema kweli, na bado raba zikawa zimezeeka, kwa sababu raba huhesabu miaka. Sera yetu ya kodi yenyewe imekubali kwamba umri ni mzigo, ndiyo maana gari lililozidi miaka minane tangu kutengenezwa hutozwa ushuru wa ziada linapoingia nchini. Mnunuzi hulipa ushuru huo wa uchakavu bandarini, kisha anasahau kwamba uchakavu wenyewe ameondoka nao.

Umri huo ndio unaokutana na barabara za hapa, na barabara za hapa zina namna mbili za kuumiza. Ya kwanza iko kwenye lami. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Tunduma inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa umbali wa kilomita zipatazo 50. Kwa ajili ya tembo, twiga na nyati wanaovuka, kuna ukomo wa kilomita 70 kwa saa mchana na kuna matuta. Tuta lenyewe si adui. Adui ni namna linavyopandwa. Dereva anayeliona amechelewa hukanyaga breki hadi juu ya tuta, na gari linalofunga breki huinama mbele: uzito umehamia miguu ya mbele, springi imeshabanwa, nafasi ya kupanda imebaki ndogo. Tuta likigonga wakati huo, shokapu hufika mwisho wa safari yake na pigo lote hupanda moja kwa moja hadi kwenye mauntingi. Dereva aliyepunguza mwendo mapema na kuachia breki kabla tairi halijagusa tuta anapita juu ya tuta lile lile kwa gharama tofauti kabisa. Namna ya pili iko kwenye vumbi. Barabara ya kutoka Mikumi kupitia Ulaya hadi Kilosa, na kuendelea hadi Dumila kwenye njia ya Dodoma, kwa miaka mingi sehemu yake kubwa imekuwa ya udongo na changarawe. Kiangazi huifanyia mikunjo kama bati, na bati hilo halipigi pigo moja kubwa. Linapiga mapigo madogo maelfu kwa maelfu, raba inasagika na kupata joto ndani kwa ndani hadi inaanza kuachana na chuma chake. Masika nayo huchimba mashimo, katika wilaya ambayo Mto Mkondoa uliwahi kufurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 hadi kuharibu reli. Na kwa kuwa sisi tunaendesha upande wa kushoto, ukingo uliomeguka na shimo la pembeni hukutana kwanza na mguu wa kushoto. Mwenye gari aliyelalamikia mguu huo hakuwa na ndoto. Barabara ilianza upande huo.

Hata hivyo, kujua kwamba mauntingi ina sababu ya kuchakaa hakutoshi kuihukumu. Ndiyo maana ukaguzi unapaswa kufuata njia ambayo kila hatua inaondoa mshukiwa mmoja. Anza gari likiwa chini, kwenye magurudumu yake, boneti wazi. Mtu mmoja akate usukani polepole kutoka mwisho hadi mwisho huku mwingine ameweka kiganja juu ya kichwa cha mauntingi, kisha aguse springi kwa ncha za vidole bila kuviingiza kati ya mizunguko yake. Beringi iliyo nzima huizungusha springi taratibu pamoja na usukani. Iliyokwama huishika, springi inajikunja kama kamba inayosokotwa, halafu inajiachia ghafla kwa mruko na mlio wa "tung" unaosikika hadi ndani. Beringi ya namna hiyo hujidhihirisha pia barabarani, pale usukani unapogoma kurudi wenyewe baada ya kona. Hatua ya pili ni kulisukuma gari chini kwa nguvu upande mmoja na kuliachia, jicho likiwa kwenye nati ya katikati: ikiruka au kusogea pembeni ndani ya kikombe chake, raba imelegea. Hatua ya tatu ni kuinua mbele kwa jeki, gari likae kwenye stendi imara, na kuangalia kikombe gurudumu likining'inia. Kushuka kidogo ni kawaida kwa magari mengi, kwa hiyo kipimo cha haki ni upande wa pili wa gari hilo hilo. Kama kushoto pameachia upenyo wa kuingiza ncha ya bisibisi na kulia hapajaachia, jibu limepatikana. Tafuta pia mstari pale raba inapokutana na chuma. Nyufa za juu juu ni dalili ya uzee tu. Ufa unaozunguka kwenye mstari huo ni talaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, lakini ufa huu hauzibiki kwa gundi wala kwa kipande cha tyubu kilichokatwa na kuchomekwa.

Faida kubwa ya utaratibu huo ni kwamba unawaachia huru wasio na hatia. Bodi ya gari husafirisha sauti kama ngoma, na mlio uliozaliwa chini unaweza kusikika juu. Stabilaiza linki iliyolegea hugonga kwenye mashimo madogo ya mwendo wa polepole, na hugonga zaidi magurudumu mawili yanapopanda kwa zamu. Ukiifungua upande mmoja na kujaribu gari kwa mwendo mdogo mlio ukapotea, umeshampata mhusika. Boljointi hujitambulisha gurudumu likiwa hewani, ukilitikisa kwa kulishika juu na chini. Tairodi, ukilishika kushoto na kulia. Bushi za mkono wa chini huonekana kwa kuzisukuma taratibu kwa mtaimbo mfupi, na zikichoka gari huvuta upande wakati wa breki. Shokapu yenyewe hushitakiwa kwa mafuta yaliyotiririka kwenye mwili wake, au kwa gari linaloendelea kudunda baada ya kuachiwa. Fundi aliyepitia orodha hiyo ametumia muda mfupi na hajafungua nati nyingi, lakini sasa anaweza kumwambia mteja kipande gani kimekufa na kwa ushahidi gani. Aliyeruka orodha hiyo anacheza bahati nasibu kwa pesa ya mtu mwingine.

Ikishathibitika kwamba mauntingi imekufa, kazi ya kuibadilisha si ngumu, ila ina mahali pawili pasipostahimili mzaha. Pa kwanza ni springi. Kikombe kimeshikwa kwenye bodi na nati ndogo, aghalabu tatu, na katikati yake kuna nati moja inayoshika mhimili wa shokapu. Hiyo ya katikati ndiyo inayoizuia springi isifyatuke. Gari likiwa juu ya stendi, gurudumu nje, hosi ya breki na waya wa ABS vimeachiwa kwenye klipu zao na linki imetolewa, hufunguliwa bolti za chini na zile nati tatu, nguzo nzima inashuka. Kabla ya hapo weka alama kwa chaki au rangi pale bolti za chini zilipokaa, maana nafasi yao inagusa pembe ya gurudumu. Nati ya katikati isiguswe hadi springi ibanwe kwa vibano viwili vinavyotazamana, vikikazwa kwa zamu, hadi springi yenyewe ilegee kwenye viti vyake. Kuifunga kwa waya au kamba ni kamari. Springi hiyo ilikuwa inabeba kilo mamia kadhaa na haijasahau. Pa pili ni mhimili wa shokapu. Nati ya katikati ikizunguka pamoja na mhimili, mkono wenye haraka hukimbilia plaizi na kuuminya mhimili ule unaong'aa. Mkwaruzo mdogo hapo utapita kwenye sili ya mafuta kila gari linapopanda na kushuka, na baada ya muda shokapu iliyokuwa nzima itaanza kuvuja. Ndivyo mauntingi mpya inavyoweza kuua shokapu, na mteja akarudi kuambiwa kwamba shokapu za siku hizi hazidumu. Mhimili hushikwa kwenye ncha yake iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, si kwenye mwili wake.

Wakati nguzo iko mezani, uchumi wa kazi hubadilika. Ufundi umeshalipwa: njia ya kuifikia mauntingi, beringi, raba ya kuzuia chuma kisigonge chuma na kava ya vumbi ni ile ile. Kubadilisha kikombe na kurudisha beringi iliyokwaruza ni kununua safari ya pili ya gereji, na kufunga shokapu mpya chini ya mauntingi iliyoachana ni kosa hilo hilo kwa upande mwingine. Kwa sababu hiyo hiyo pande zote mbili zibadilishwe pamoja. Raba za kushoto na kulia zilizaliwa siku moja, na upande ukiwa mgumu na mwingine umelegea, gari litainama tofauti kwenye breki. Mwisho wa springi ukae kwenye kituo chake, nati zikazwe kwa kipimo cha gari husika, na kama mkono wa chini uliguswa, bolti za bushi zake zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Bushi iliyokazwa gurudumu likining'inia hubaki imejisokota siku zote, na hufa kabla ya wakati wake. Baada ya yote hayo ni alaimenti. Wapo wanaoiona kuwa mapambo ya mwisho, hasa pale mashine inapokuwa mbali na kazi ilipofanyika. Lakini kilele cha nguzo ndicho kilichoguswa, na kilele hicho ndicho kinachoamua tairi linasimamaje. Jozi ya tairi mpya zilizolika upande mmoja ni ghali kuliko mafuta ya kwenda Morogoro na kurudi.

Zipo hoja za kupinga, na baadhi zina uzito. Ya kwanza inasema mauntingi ya mtumba kutoka Japani ni bora kuliko mpya ya dukani, kwa kuwa ile ni ya kiwanda na hii huenda ni feki. Kwa chuma, hoja hiyo ina nguvu: chuma cha kiwanda kilichotumika kinaweza kukishinda kipya cha bandia. Kwa raba inadhoofika, kwa sababu mtumba huo mara nyingi una umri ule ule wa kipande unachokitoa. Unabadilisha mzee kwa mzee mwenzake, ambaye hujui alilalia jua kiasi gani. Lakini ni kweli pia kwamba mpya iliyotengenezwa hovyo, yenye raba inayochubuka kwa ukucha au inayoonyesha nafasi kati yake na chuma ikiwa bado kwenye boksi, haifai kununuliwa kwa sababu tu ni mpya. Kanuni ya haki, basi, haiko kwenye neno "mpya" wala "ya Japani". Iko kwenye kukagua kipande kaunta kwa jicho lile lile lililokagua cha zamani, na kumwomba muuzaji akirudishe rafuni kikishindwa.

Hoja ya pili ni ya barabara: kwa nini tuhangaike na raba wakati njia yenyewe itaiua tena? Walipa kodi wana haki ya kudai lami, na kila kipande kinachowekwa kati ya Dumila, Kilosa na Mikumi kitarefusha maisha ya miguu ya magari. Ila madai kwa serikali hayashiki gurudumu wakati wa breki mbele ya tembo. Isitoshe, hoja hii ikifuatwa hadi mwisho inaunga mkono ukaguzi. Pale barabara inapoua mapema, muda kati ya ukaguzi mmoja na mwingine unapaswa kufupishwa, si kufutwa. Hoja ya tatu husema mkaguzi yupo tayari: kuna TBS, shirika la viwango, ambalo mwaka 2021 lilianza kukagua magari yaliyotumika yanapofika nchini, na kuna trafiki na stika zao za Nenda kwa Usalama. Ukaguzi wa kuingia nchini hufanyika mara moja, na raba inaendelea kuzeeka kesho yake. Wa stika una magari mengi na muda mfupi, na macho yake kwa haki huenda kwanza kwenye breki, taa na tairi. Hakuna kati yao aliyeahidi kuweka kiganja juu ya mauntingi yako huku mwingine akikata usukani.

Hoja ya nne ni ya heshima zaidi: sikio la fundi mzoefu linajua. Linajua kweli, na si busara kulidharau. Fundi aliyesikia magari mengi hutofautisha mlio wa linki na wa boljointi kabla gari halijaegeshwa. Lakini sikio bora hutumika kuamua pa kuanzia kutafuta. Fundi anayejiamini hapotezi kitu kwa kumwonyesha mteja ule upenyo wa kushoto na kuulinganisha na wa kulia. Anachopata ni mteja asiyerudi na malalamiko. Inabaki hoja ya mfuko, kwamba ukaguzi ni anasa ya wenye nacho. Hesabu inasema kinyume. Ukaguzi ulioelezwa hapa unahitaji watu wawili, jeki, stendi mbili na muda mfupi. Anasa ni kununua shokapu mbili ambazo hazikuwa na kosa.

Kama kuna wakati mmoja wa mwaka unaofaa zaidi, ni Juni, masika yakiwa yamekatika, mashimo yameshafanya kazi yake na mikunjo ya kiangazi bado haijaanza. Kwa siku nyingine zote kinachohitajika ni kidogo zaidi. Boneti tayari hufunguliwa asubuhi kuangalia maji na oili, na kwenye magari mengi vile vikombe viwili viko pale pale, kimoja kila upande, karibu na mkono ulioshika kijiti cha oili.